Tumezaliwa Nayo au Tumelelewa Nayo?

Nawakaribisha mlioko Tanga mjini, Kigombe, Pangani, Bweni ng'ambo ya mto, mpaka Kipumbwi na Mkwaja. Na leo nawakaribisha kwa namna ya pekee ndugu zetu wa Ushongo, kuanzia Ushongo Mtoni hadi Mabaoni, maana mifano yangu mingi ya leo nimeichota kwenu.

Leo tuna swali moja tu. Yapo makosa ya kufikiri ambayo karibu kila mtu huyafanya, awe amesoma au hakusoma, awe tajiri au hana kitu. Je, makosa hayo tumezaliwa nayo au tumelelewa nayo? Yamo katika maumbile yetu, au tumeyapata kwa mila, malezi na mazoea ya mahali tulipokulia?

Kwa nini nauliza? Kwa sababu barazani kwetu swali hili lina majibu mawili, na yote mawili yananisikitisha. Wa kwanza atasema: "Aa, ndivyo tulivyo sisi watu wa pwani." Wa pili atasema: "Binadamu ndivyo alivyoumbwa, utafanya nini?" Mmoja analaumu utamaduni, mwingine analaumu maumbile, na baada ya hapo wote wawili wanaagiza kahawa na mazungumzo yamekwisha. Mimi naona jambo hili lina uzito mkubwa kuliko hapo. Tukijua kosa linatoka wapi, tutajua pia kama linaweza kurekebishwa na nani wa kulirekebisha.

Kwanza tuelewane. Ninaposema makosa ya kufikiri sisemi ujinga. Wataalamu wawili wa Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha makala yao maarufu mwaka 1974 wakaonyesha kwamba watu wenye akili timamu hukosea, tena hukosea kwa mtindo. Hilo ndilo jambo la kushika. Kama watu mia wangekisia uzito wa papa aliyelala mchangani, na kila mtu akakosea kivyake, mmoja juu, mwingine chini, basi hapo hakuna la ajabu. Lakini wote wakikosea upande ule ule, kuna kitu kinawavuta. Tversky alifariki mwaka 1996. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi hiyo.

Sasa sikilizeni. Watu waliopimwa kwenye tafiti za namna hiyo walikuwa akina nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wa Israeli, Marekani na Ulaya. Mwaka 2010 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, waliandika jambo ambalo lingepaswa kuandikwa zamani: kwamba elimu ya nafsi ya binadamu imejengwa juu ya watu wachache wa nchi tajiri za Magharibi, na kwamba watu hao, ukiwaweka pamoja na walimwengu wengine, mara nyingi ndio wanaotofautiana na wenzao. Mvuvi wa Ushongo hakuulizwa. Mkulima wa Handeni hakuulizwa. Halafu vitabu vikaandika: "Binadamu hufikiri hivi."

Basi tuanze na jicho, maana jicho ni rahisi kulishika.

Wewe uliyekaa ufukweni, chukua kijiti uchore mchangani mistari miwili yenye urefu sawa kabisa. Mstari wa kwanza utie kichwa cha mshale kila mwisho, vile vijimstari vikirudi ndani kuulalia mstari. Wa pili utie panda kila mwisho, kama panda ya manati, ikifunguka kwenda nje. Sasa simama uitazame. Ule wenye panda unaonekana mrefu zaidi, sivyo? Pima kwa kijiti chako. Ni sawa. Tazama tena. Bado unaonekana mrefu. Umeshajua ukweli, umeupima kwa mkono wako, na jicho halikubali. Mchoro huu ulitangazwa na Mjerumani Franz Müller-Lyer mwaka 1889, mwaka ule ule ambao Wajerumani wenzake walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya pwani dhidi yao, pale Pangani.

Mwaka 1966 watafiti watatu, Segall, Campbell na Herskovits, walitoa matokeo ya kuwaonyesha michoro ya namna hii watu wa jamii nyingi. Walikuwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda, walikuwamo Wasan wa Kalahari, na walikuwamo watu wa mji wa Evanston, karibu na Chicago. Waliodanganyika zaidi ni wa Evanston. Wasan walidanganyika kidogo sana. Watafiti wakasema: sababu ni maisha. Mtu aliyekulia ndani ya vyumba vyenye kuta zilizonyooka na pembe za mraba, jicho lake limezoea kusoma pembe kama alama ya umbali. Msan aliyekulia uwandani hana mazoea hayo. Na hapo niseme, sisi wa pwani tusijiweke upande wa Wasan kwa haraka. Nyumba yetu ya miti na udongo, hata ikiezekwa makuti, ina pembe nne, ukumbi ulionyooka na milango inayotazamana. Mtoto wa Ushongo amekulia kwenye pembe.

Kwa hiyo jibu ni malezi? Wengi walidhani hivyo kwa miaka mingi. Halafu ikaja habari kutoka India. Kuna watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, wakakaa gizani miaka, kisha wakafanyiwa upasuaji wakaona. Mwaka 2015 kundi la mtafiti Pawan Sinha lilieleza kwamba watoto hao, mara tu baada ya kufunguliwa macho, walipoonyeshwa mistari ile walidanganyika. Hawakuwahi kuona ukuta. Hawakuwahi kuona pembe ya chumba. Na kuna zaidi ya hapo: njiwa wamepimwa, na samaki wadogo wa maji baridi wamepimwa, na wao pia walionyesha kudanganyika. Samaki, ndugu zangu! Samaki amekulia kwenye chumba gani?

Basi sasa tumfuate nani? Mimi nasema tusimtupe yeyote. Habari ya watoto wa India na ya samaki inatuambia kwamba mvuto wa kukosea upo tangu mwanzo, kabla ya mila na kabla ya nyumba. Habari ya Evanston na Kalahari inatuambia kwamba huenda nguvu ya mvuto huo hutofautiana kwa jinsi watu wanavyoishi, ingawa maelezo ya zile pembe za nyumba sasa yamelegea na wapo wanaoyapinga waziwazi. Shikeni hilo, nitalirudia: mvuto tunazaliwa nao, nguvu yake inaweza kuongezwa au kupunguzwa na maisha.

Sasa tutoke kwenye jicho twende kwenye mali. Hapa ndipo nilipotaka tufike, maana ushahidi mzito umetoka nchini kwetu.

Tuseme bwana mmoja wa Ushongo ana ngalawa yake ya mti wa mwembe. Imemtumikia misimu mingi, ya kusi na ya kaskazi. Mirengu imefungwa upya mara kadhaa. Tanga lina viraka vya rangi tatu. Chini karibu na shetri pana ufa ulioshindiliwa pamba na mafuta, na kila wakienda baharini lazima kijana mmoja akae na kopo kuchota maji. Anakuja mnunuzi kutoka Kipumbwi, anaizunguka, anagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, anataja bei. Mwenye ngalawa anakasirika. Anataja bei yake, karibu na ya ngalawa mpya. Je, ni tamaa? Sidhani. Muulizeni swali hili: "Bwana, kama ngalawa hii hii ungeikuta Kipumbwi ni ya mtu mwingine, ungeinunua kwa bei hiyo?" Atacheka, atasema hapana, hii mbovu. Basi kile kile kitu, kikiwa changu kina thamani kubwa, kikiwa chako kina thamani ndogo.

Kosa hili Mmarekani Richard Thaler alilipa jina mwaka 1980. Mwaka 1990 yeye, Kahneman na mwenzao Knetsch walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Nusu ya wanafunzi walipewa kikombe, nusu hawakupewa. Waliopewa waliulizwa watauza kwa bei gani, wasiopewa waliulizwa watanunua kwa bei gani. Wauzaji walitaka kama mara mbili ya bei ya wanunuzi. Na kikombe chenyewe walikuwa wamekipata muda mfupi tu uliopita! Hawakukifanyia kazi, hawakurithi kwa babu. Kimeshikwa tu mkononi, tayari kimepanda bei.

Watu wakasema: hayo ni maumbile. Kushikilia kilicho chako ni silika. Mwaka 2007 Sarah Brosnan na wenzake walionyesha kwamba hata sokwe, akipewa siagi ya karanga, hapendi kuibadilisha na kijiti cha juisi ya barafu. Na akipewa juisi kwanza, hapendi kuibadilisha na siagi ya karanga. Kwa chakula ilikuwa hivyo. Kwa vitu vya kuchezea haikuwa hivyo. Kama sokwe naye anang'ang'ania, basi mambo haya ni ya zamani kuliko soko lolote.

Hapo ndipo wanapoingia ndugu zetu Wahadza.

Wahadza mnawajua kwa habari. Wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi yetu. Ni watu wachache, kama elfu moja hivi, na baadhi yao hadi leo wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mwaka 2014 Coren Apicella na wenzake watatu, Azevedo, Christakis na Fowler, walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye kambi za Wahadza. Jaribio lenyewe ni jepesi, mtoto anaweza kulielewa. Mtu anapewa biskuti ya aina moja, au kiberiti cha gesi cha rangi moja. Amepewa kwa bahati tu, hakuchagua. Kisha anaambiwa: kuna aina nyingine, ukitaka badilisha. Basi. Kama mtu hana upendeleo kwa kile alichopewa, mnategemea nini? Karibu nusu ya watu watabadilisha, maana nusu watakuwa wamepewa kile wasichokipenda zaidi.

Kambi nyingine ziko karibu na Mang'ola, kule kwenye mashamba ya vitunguu, mahali watalii wanapofika kwa magari, Mhadza anauza mishale na shanga na anapokea pesa. Kambi nyingine ziko mbali, gari haliendi kwa urahisi na soko halifikiki upesi. Matokeo? Kwenye kambi za mbali, karibu nusu ya watu walibadilisha. Hawakushikilia. Kwenye kambi za karibu na soko, walibadilisha kama robo tu. Waliobaki wakashikilia walichopewa, sawasawa na wanafunzi wa Cornell na vikombe vyao.

Narudia, maana hili ni jambo kubwa. Watu ni wale wale. Lugha ni ile ile, ukoo ni ule ule, damu ni ile ile. Wengine wana shangazi kambi ya mbali na binamu kambi ya karibu. Kilichotofautiana ni maisha. Na kosa ambalo vitabu viliandika kuwa ni la binadamu wote likaonekana kwenye kambi za karibu na soko, kwenye za mbali halikuonekana.

Nini kilichowabadilisha wale wa karibu na Mang'ola? Pesa yenyewe? Biashara? Watalii? Jaribio halikutenganisha hayo moja moja, na waliopimwa hawakufika hata mia, kwa hiyo tusilikuze kupita kiasi. Lakini mimi nina rai yangu. Porini, Mhadza akiangusha mnyama mkubwa, nyama ni ya kambi nzima. Ukiwa na mishale ya ziada, mwenzako atakuomba na utampa. Kushikilia kitu na kusema "changu" huko ni kuharibu uhusiano na watu ambao kesho watakulisha wewe. Mkono umefundishwa kuachia. Watu wakianza kuuza na kununua, kila mtu na kibindo chake, fundisho lile linalegea, na ule mvuto wa zamani tuliouona hata kwa sokwe unarudi juu.

Kwa hiyo, rafiki yangu unayeagiza kahawa barazani na kusema "binadamu ndivyo alivyoumbwa", nakujibu kwa heshima: Wahadza wa mbali wameumbwa kama wewe, na hawakukosea. Na wewe unayesema "ni utamaduni wetu tu sisi wa pwani", nakujibu vilevile: wanafunzi wa Cornell hawakulelewa Pangani, na walikosea.

Nichukue mfano mmoja wa lugha, kisha tuendelee. Kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kusema. Hakuna mtoto aliyezaliwa akisema Kizigua. Uwezo ni wa maumbile, Kizigua ni cha mama na bibi. Ukiniuliza Kizigua cha mtoto yule ni cha maumbile au cha malezi, sitaweza kukukatia vipande viwili nikakupa kimoja. Makosa ya kufikiri nayo yako hivyo.

Tena kuna utafiti unaoonyesha malezi yakifanya kazi yake mwaka hadi mwaka. Mwaka 1984 Joan Miller alilinganisha watu wa Chicago na watu wa Mysore, kusini mwa India. Aliwataka wasimulie jambo baya alilolifanya mtu wanayemjua, kisha waeleze kwa nini alilifanya. Watu wazima wa Chicago walielekea kutaja tabia: ni mbinafsi, ni mzembe. Watu wazima wa Mysore walielekea kutaja mazingira: alikuwa na kazi ngumu, kulikuwa na wazazi wa kutunza. Lakini watoto wadogo wa miji yote miwili walieleza karibu sawa. Tofauti ilianza ndogo ikakua pamoja na umri. Wazazi wenzangu, mnaona? Mtoto anasikia namna tunavyomhukumu jirani. Chombo cha fulani kimepiga mwamba. Mtoto anasikia: "Yule mlevi." Au anasikia: "Lile wimbi la usiku, na taa hawakuwa nayo." Anayachukua hayo. Akifika miaka ishirini ndivyo anavyofikiri, na anaamini amezaliwa nayo.

Hapo nafika mahali ambapo lazima niseme kwa upole, maana panagusa. Mara ngapi ajali ikitokea tunasema ni mkono wa mtu? Nyavu zimepotea, mkono wa mtu. Mtoto kaugua ghafla, mkono wa mtu. Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard aliandika juu ya Waazande wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini, Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Swali lao ni jingine: kwa nini lianguke saa ile, wakiwa wamekaa watu wale? Wakajibu kwa uchawi.

Wageni wakisoma hayo husema: fikra za Kiafrika. Basi niwape kisa cha Marekani. Mwaka 1944 Heider na Simmel waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu fupi ya katuni yenye pembetatu mbili na duara dogo, vikizungukazunguka kwenye kijisanduku. Hakuna mtu, hakuna uso, hakuna sauti. Walipoulizwa wameona nini, karibu wote walisimulia kisa cha viumbe hai: pembetatu kubwa ni mkorofi, anawaonea wenzake, duara anaogopa. Ndugu zangu, hao ni wasomi wa chuo, wameona mkono wa mtu kwenye pembetatu! Njaa ya kutafuta mtendaji ipo kwa kila binadamu. Utamaduni ndio unaokuambia mtendaji huyo ni nani. Kwetu atakuwa jirani mwenye kijicho. Kwingine atakuwa kundi la siri linaloitawala dunia, au wageni waliohamia juzi. Na hapo ndipo palipo na hatari na jukumu pia, kwa sababu njaa ile hatuwezi kuiondoa, lakini jina tunaloliweka pale tunalichagua sisi. Bibi kizee asiye na mtetezi, anayeitwa mchawi, hakuchaguliwa na maumbile. Tumemchagua sisi.

Sasa turudi baharini, maana nimebakiza jambo ambalo kwa Ushongo naliona kubwa kuliko yote.

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika makala fupi, ya ukurasa mmoja tu, juu ya kosa la wanasayansi wenzake. Alisema kila kizazi huchukua bahari ile waliyoikuta ujanani kuwa ndiyo bahari kamili. Samaki wakipungua kidogo, kizazi kinachofuata kinaanzia hapo. Wakipungua tena, kingine kinaanzia hapo. Hakuna anayeona hasara nzima, kwa sababu hakuna aliyeishi miaka yote hiyo. Miaka 10 baadaye watafiti kule Ghuba ya California, Meksiko, waliwauliza wavuvi wa vizazi vitatu. Wazee walitaja samaki wengi waliopungua na maeneo mengi yaliyokwisha. Vijana walitaja machache. Bahari ni ile ile.

Tazameni Kisiwa cha Maziwe, kilomita chache tu kutoka Ushongo. Kijana wa leo anakijua kama fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakitoka na kufunikwa maji yakijaa. Kwake Maziwe ndiyo hiyo. Lakini muulizeni mzee wa miaka 70. Atawaambia kilikuwa kisiwa chenye miti, chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga kwa wingi kiasi kwamba kilijulikana kuwa miongoni mwa mazalio makuu ya kasa katika pwani yote ya Tanzania. Miti ilikwisha kuelekea miaka ya 1980. Mwaka 1992 mtafiti Fay aliandika historia ya kuharibika kwake na sababu zinazoweza kuwa zilichangia. Kilizama mbele ya macho ya watu ambao bado tunao, na tayari kijana anadhani hakijawahi kuwa na mti.

Kosa hili ni la maumbile? Ndiyo, kwa sehemu: kila mmoja anakumbuka maisha yake tu, na hakuna anayezaliwa na kumbukumbu ya babu. Lakini kuna dawa yake, na dawa hiyo ni ya utamaduni mtupu. Ni masimulizi. Kijiji kinachosimulia kinaona mbali kuliko mtu mmoja anavyoweza. Na hapa nasikitika, kwa sababu tunayo dawa na tunaiacha. Jioni kijana yuko na simu yake, mzee yuko peke yake kibarazani, na kati yao imelala Maziwe yenye miti ambayo haijasimuliwa.

Mfikirieni kasa mwenyewe. Kasa jike hurudi kutaga katika pwani alikozaliwa. Maumbile yanampeleka, na hana wa kumwambia kwamba mahali pale sasa hufunikwa na maji. Anapanda Maziwe, anachimba, anataga, anaondoka, na bamvua likija maji yanayafunika mayai. Ameongozwa vizuri kabisa, kwa ramani ya zamani. Sasa nani anayemwokoa? Watu wa Ushongo. Kwa miaka mingi wanakijiji wakishirikiana na shirika la Sea Sense wamekuwa wakiyahamisha mayai yale kwa uangalifu mpaka ufukwe wa Ushongo, wanayafukia upya juu ya mstari wa maji, wanalinda kiota mpaka vitoto vitoke. Kazi hiyo haimo katika damu ya mtu yeyote. Imefundishwa, imekubaliwa na kijiji, na baba za watu hao hao walikuwa wakila mayai ya kasa bila kuona tatizo. Katika kizazi kimoja mazoea yamegeuka. Mtu akiniambia tena "ndivyo tulivyo", nitamwonyesha ufukwe ule.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, vya Ushongo, Kipumbwi na Kigombe. Mna madaftari ya mapato na leseni. Ongezeni daftari moja. Wakaribisheni wazee, mmoja mmoja, na mwandike: ulipoanza kuvua, mlikuwa mkienda umbali gani? Changu, kolekole na pweza mlikuwa mkirudi nao wangapi msimu wa kaskazi? Ni samaki gani mliyekuwa mkimpata ambaye leo kijana wako hamjui kwa jina? Miamba ipi imekufa, na ilikufa lini? Waandikeni na akina mama wanaokusanya chaza na kamba na kutega pweza maji yakitoka, maana wao wanaijua miamba ya karibu kuliko manahodha. Kisha someni daftari hilo mbele ya vijana kabla ya kupanga sheria ya nyavu na ya kufunga maeneo, ili wanapopiga kura wajue wanalinganisha na bahari ipi.

Na nyinyi mlioko majumbani, kama mna mzee anayeikumbuka Maziwe ilipokuwa na miti, muulizeni wiki hii, kisha mtuandikie hapa kituoni. Juma lijalo tutasoma barua zenu hewani, saa hii hii, Inshallah.